Bi Kirembwe Akifika Shinyanga

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha tano na sita anayechukua Kiswahili, awe Shinyanga mjini, Kahama au Geita, amekuwa akikutana na tamthilia tatu zilezile: Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, Morani ya Emmanuel Mbogo na Kivuli Kinaishi ya Said Ahmed Mohamed. Katika orodha hiyo kuna jambo ambalo walimu wengi hulitaja kwa haraka kisha wakafungua ukurasa mwingine, nalo ni usasa. Ni ule uandishi wa karne ya 20 uliogoma kusimulia kisa kwa mstari ulionyooka, ukavunja umbo la shairi, ukaingiza ndoto na mizimu katikati ya mambo ya ofisini, na ukamwachia msomaji kazi ya kuunganisha vipande.

Una faida gani kwa mtoto wa Kishapu au wa Nyarugusu? Nimewaketisha watu watano kwenye mgahawa mmoja wa Kahama, mji ulio kati ya almasi ya Shinyanga na dhahabu ya Geita, niwasikie wakibishana. Ni watu wa kubuni, ila hoja zao utazikuta kwenye chumba chochote cha walimu cha kanda ile. Yupo Mkaguzi, mstaafu wa ukaguzi wa shule na mshairi wa vina na mizani. Yupo Madam, mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha sita. Yupo Manju, mzee wa ngoma wa kundi la Bagalu. Yupo Mchimbaji, kijana aliyemaliza kidato cha sita kisha akaingia kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, ya Nyarugusu. Na yupo Binti, mwanafunzi wa Madam.

MKAGUZI: Mimi sizunguki. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitupa Sheria za Kutunga Mashairi. Alikuwa mtu wa Ujiji, wa bara kama sisi, lakini akaketi chini akajifunza sanaa ya watu wa pwani mpaka akaiandikia kanuni. Miaka 20 tu baadaye, 1974, Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani isiyofuata vina wala mizani. Tangu hapo mtoto anaandika sentensi tatu, anazikata anapotaka, anakuletea anakwambia ni shairi. Ukimuuliza mizani iko wapi anakujibu, huu ni usasa, mwalimu.

MADAM: Shikamoo kwanza, mwalimu.

MKAGUZI: Marahaba. Usinilainishe kwa salamu.

MADAM: Sikulainishi, nauliza tu. Kezilahabi alizaliwa wapi? Namagondo, Ukerewe. Mshairi mwenzake, Mulokozi, ni mtu wa Kagera. Na yule aliyeandika naye Malenga wa Bara mwaka 1976 ni nani? Kulikoyela Kahigi, profesa yuleyule aliyekuja kuwa mbunge wa Bukombe kuanzia 2010 hadi 2015. Bukombe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga mpaka Mkoa wa Geita ulipoanzishwa 2012. Kwa hiyo mwalimu wangu, tunapolalamika kwamba usasa umeletwa na wageni, tunawasema majirani zetu. Waliouvunja ule utaratibu wa vina walitoka ng'ambo hii ya ziwa na ile.

MKAGUZI: Walitoka huku, sikatai. Lakini walivunja walipofika chuo kikuu, baada ya kusoma vya Wazungu.

MADAM: Walisoma, ndiyo. Lakini katika Kunga za Ushairi, mwaka 1979, Mulokozi na Kahigi walitetea jambo moja la wazi: vina na mizani ni mapokeo ya ushairi ulioandikwa wa pwani, na haviwezi kuwa kipimo cha ushairi wote wa Kiafrika. Nyimbo za bara zina mapigo yake. Muulize mzee hapa.

MANJU: Mimi sijawahi kuhesabu silabi. Neno likiwa refu unalivuta, likiwa fupi unalirudia, ngoma inakungoja. Mguu ndio unaopima. Na mambo ya ndani ya wimbo ni ya leo: nani kauza ng'ombe wa wenzake, Bagika wamesema nini juu yetu wiki iliyopita, bei ya pamba. Wimbo wa mwaka jana nikiuimba tena mwaka huu watu wananihama.

Hapa naomba nisimame, kwa sababu msomaji wa Tanga au Lamu huenda hajawahi kuliona shindano la ngoma la Kisukuma. Mavuno yakishaingia ghalani, makundi mawili yanaalikana uwanja mmoja, siku moja, saa ileile. Bagika upande huu, Bagalu upande ule, kila kundi na manju wake na dawa zake. Hakuna jopo la majaji wala karatasi za alama. Watazamaji wamesimama katikati na wako huru kwenda watakako. Wakivutwa na Bagalu wanahamia huko, Bagika wakitoa kali zaidi wanarudi mbio. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye aliyeshinda. Katika hali hiyo manju hawezi kukaa na cha jana. Ndiyo maana utaona majembe yakirushwa hewani na kudakwa katika ngoma ya bugobogobo, chatu akivishwa shingoni kama skafu, na wanasesere wa mbao wenye mikono inayocheza wakiinuliwa juu ya vichwa vya watu ili wa nyuma nao waone. Ubunifu mpya kwa mchezaji wa Usukuma ni suala la kufa na kupona, na umekuwa hivyo tangu kabla ya mtu yeyote wa huko kusikia kwamba Ulaya kuna harakati ya usasa.

Mkaguzi, hata hivyo, hakuja Kahama kutishwa na chatu.

MKAGUZI: Ngoma ni ngoma, naiheshimu. Mimi nasema ya darasani. Huyu binti ameniambia madam wake amewafundisha habari za Wareno. Wareno! Waliojenga ile ngome ya Mombasa mwaka 1593, waliopigana na ndugu zetu wa FRELIMO mpaka miaka ya sabini, leo watufundishe fasihi watoto wa Shinyanga?

MADAM: Niliwapa kisa kimoja tu, cha vijana waliodharauliwa kwao kama Kezilahabi alivyodharauliwa kwetu. Mwaka 1915, mjini Lisbon, vijana walitoa jarida lililoitwa Orpheu. Matoleo mawili yalitoka, la tatu likakwama kwa kukosa fedha. Magazeti yaliwaita wendawazimu. Na si Wareno wa Lisbon peke yao. Fernando Pessoa alikulia Durban, Afrika Kusini, tangu 1896 hadi 1905. Almada Negreiros alizaliwa São Tomé. Afrika ilikuwa ndani ya ule usasa tangu siku ya kwanza, hata kama wenyewe hawakuiandika sana. Huyo Pessoa hakutosheka na jina moja. Alibuni washairi wengine, Alberto Caeiro, Ricardo Reis, Álvaro de Campos, kila mmoja akampa maisha yake, tabia yake na namna yake ya kuandika.

MANJU: Hilo nalo wanasomea chuo? Mimi nikiingia uwanjani si baba wa watoto wangu tena. Nina jina la ngoma. Jina lile lina ruhusa ya kumtukana mwenyekiti wa kijiji mchana kweupe. Nikilivua, namsalimia kwa adabu.

BINTI: Babu, subiri usikie ile tamthilia ya Pessoa. Ilitoka kwenye toleo la kwanza la jarida lile, jina lake maana yake ni Baharia. Wanawake watatu wamekaa chumbani usiku, mbele yao jeneza la msichana mwenzao. Wanaongea mpaka karibu na alfajiri. Hakuna kinachotokea. Hakuna ugomvi, hakuna anayeingia wala anayetoka. Madam alipotusimulia darasa zima lilicheka, tukasema hiyo si tamthilia, hilo ni kesha la msiba. Baadaye mwenzetu mmoja akasema, lakini kwenye msiba si ndivyo ilivyo? Wanawake wamelala mkekani na marehemu wao, wanazungumza lolote lile, hata habari za baharia wasiyemjua, kwa sababu wanaogopa kunyamaza. Mimi nimelala kwenye misiba mingi. Sikujua kwamba mtu anaweza kulitoa kesha kama lilivyo akaliweka jukwaani.

MKAGUZI: Haya ndiyo magwangala ninayoyasema. Mgodi mkubwa unachukua dhahabu, ninyi mnagombania mawe yaliyobaki. Ulaya imeshamaliza usasa wake, imeutupa nje ya uzio, sisi tunabeba viroba.

MCHIMBAJI: Mzee wangu, magwangala yana dhahabu. Ungekaa Geita ungejua kwa nini watu waliyadai kwa miaka mpaka suala likawafikia wakubwa wa nchi. Jiwe halina kosa kwa kutoka kwenye shimo la mwingine. Cha kuuliza ni kama una karasha la kulisaga na maji ya kuoshea. Na hapo ndipo ninapomgeukia madam, asinielewe vibaya. Shuleni karasha halikuwepo.

MADAM: Kivipi?

MCHIMBAJI: Nilipata B ya Kiswahili. Kivuli Kinaishi niliijua kwa hoja tatu. Kwenye Ukingo wa Thim, hoja tatu. Morani, hoja tatu. Kitabu chenyewe nilikishika mara chache, kilikuwa kimoja kwa wanafunzi wengi. Nilichokuwa nacho usiku ni kijitabu cha uchambuzi. Mpaka leo sijui Giningi inanuka nini.

Kijana huyu namuunga mkono kwa mikono miwili. Ubao wa darasa la fasihi Tanzania una sura yake: kushoto fani, na chini yake muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, kulia maudhui, na chini yake dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Kisha mtihani unamtaka mwanafunzi athibitishe kauli fulani kwa kutumia hoja tatu kutoka katika kila kitabu. Kwa tamthilia ya kawaida yenye baba mlevi, mama mvumilivu na binti aliyeacha shule, mkeka huu unatosha. Lakini Said Ahmed Mohamed alipoipeleka tamthilia yake Giningi, kwenye nchi ya wachawi ya masimulizi ya Visiwani, alikuwa anakimbia mkeka kama huo. Watu wa Giningi wanapewa unga na mtawala wao, Bi Kirembwe, unaowafanya waone anachotaka waone. Hofu ya mchezo ule imo katika kuchanganyikiwa: hujui nani mzima, nani amelishwa. Mwanafunzi anaandika "dhamira ya kwanza ni uongozi mbaya, dhamira ya pili ni ukombozi, dhamira ya tatu ni unafiki," na hoja hizohizo anazihamishia kwenye Morani. Funika majina ya wahusika kwa kidole, hutajua insha inazungumzia kitabu kipi. Tumempa mtoto kazi iliyoandikwa ili isisomeke kwa urahisi, halafu tumemfundisha kuisoma kwa urahisi.

MCHIMBAJI: Ila wale mabwana wa usasa wasidhani sisi wengine hatujui kuvunja kisa. Machimboni kuna kibanda umiza, unalipa kidogo unatazama filamu. Filamu ni ya Kichina au ya Kimarekani, na juu yake kuna msimuliaji wa Kiswahili. Anampa adui jina la mfanyabiashara tunayemjua. Anasimamisha mapigano ili atukumbushe kununua vocha. Akiona mwisho hautufai anautafsiri vingine. Wachimbaji wanamjibu, wanabishana naye. Hakuna anayesahau kwamba anatazama mchezo, na bado wanalia.

MADAM: Ebrahim Hussein alikwenda Berlin Mashariki kusomea mambo hayo, akaandika tasnifu juu ya maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki. Wajerumani walikuwa na Brecht, aliyetaka mtazamaji akae macho asizame kwenye kisa.

MCHIMBAJI: Basi angepitia Katoro, angeokoa nauli.

Wakacheka, hata Mkaguzi. Kisha Madam akatoa alichokuja nacho.

MADAM: Nataka kuacha hoja tatu kwa muhula mmoja. Nataka Kivuli Kinaishi ichezwe uwanja wa shule, Jumamosi jioni, wanakijiji waalikwe wote. Wanafunzi wenyewe ndio wachezaji. Huyu binti nimempangia Bi Kirembwe, ana sauti.

BINTI: Madam, samahani. Sitamcheza Bi Kirembwe, na ningeomba asichezwe na msichana yeyote. Darasani tumeandika kwamba yeye ni ishara ya viongozi wadhalimu, tukapata alama. Lakini mkimtoa darasani mkamweka uwanjani mbele ya watu wa kijijini kwetu, hatakuwa ishara ya kiongozi yeyote. Atakuwa bibi yangu. Bibi yangu ana macho mekundu. Amepikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi tangu akiwa mdogo kuliko mimi, moshi umemla macho. Anaishi peke yake kwenye nyumba yake. Mtu akitoka kwenye mchezo wenu usiku, ameona kwa macho yake kikongwe akiwafunga watu akili kwa unga, akafika kwake akakuta ndama amekufa, atamfikiria nani? Atamfikiria rais?

Swali la Binti ndilo lililonisukuma kuandika haya yote. Shinyanga ilijulikana nchi nzima, na nje ya nchi, kwa mauaji ya vikongwe walioshukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu. Katika miaka ya 2007 na 2008 Kanda ya Ziwa ikatikiswa tena na mauaji ya watu wenye ualbino, na uchunguzi ukaelekeza vidole kwa waganga waliowaahidi watu utajiri, wachimbaji na wavuvi wakiwemo. Nadharia ya usasa inakwepa jambo hili, kwamba kuna watazamaji wanaouamini uchawi. Mwandishi wa Lisbon au Paris alipoleta pepo jukwaani, alijua kwamba watu waliokaa kwenye viti wameshaacha kuamini mapepo, au angalau wanaona haya kukiri. Pepo lilikuwa njia ya kusemea kitu kingine: ndoto, hofu, nafsi iliyogawanyika. Mtazamaji wa kijiji cha Kishapu hana sababu ya kukitafuta hicho kitu kingine. Kwake pepo ni pepo na mchawi ni mchawi. Maneno yaleyale ya tamthilia ileile, yakivuka kilomita elfu moja kutoka Zanzibar, yanakuwa mchezo mwingine kabisa, na mchezo huo unaweza kumuua mtu.

MADAM: Sasa tufanyeje, tuifiche? Rosa Mistika ya Kezilahabi nayo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa kuogopa itaharibu watoto. Waliofaidika na marufuku ile ni nani? Watoto waliisoma chini ya dawati.

BINTI: Sijasema ifichwe, madam. Nasema watu wa kijijini kwetu wana akili, ila wana akili ya kwao. Tuwafikirie kabla hatujawaita.

MKAGUZI: Huyu mtoto amesema. Na hili lilishafanyika, madam, bila usasa wako. Mwaka 1982 na 1983 walikuja Malya, pale Kwimba, watu wa Sanaa za Maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba. Hawakuja na mchezo mfukoni. Waliwauliza wanakijiji, shida yenu hapa ni nini? Wanakijiji wakasema mimba za wasichana wa shule. Wakatengeneza mchezo wao wenyewe, kwa ngoma na nyimbo zao wenyewe, kisha wakakaa wakajadiliana. Nagona ya Kezilahabi ya nini? Mzingile ya nini? Vitabu ambavyo hata sisi wakaguzi tulivisoma tukatazamana.

MADAM: Lakini Penina Mlama huyo wa Malya ndiye Penina Muhando wa tamthilia ya Nguzo Mama, iliyotoka 1982, wakati uleule. Ndani yake wanawake wanahangaika kusimamisha nguzo, na nguzo yenyewe si ya nyumba yoyote. Mkono mmoja ulikuwa Malya kwenye vumbi, mkono wa pili unaandika mafumbo. Kwa nini tuwagawanye?

Katika ubishi wote huu, hilo ndilo jibu nililoona Mkaguzi hana la kulijibu. Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Manju ndiye aliyelichukua neno, na alilichukua kama fundi anayepokea kazi.

MANJU: Wanangu, mnalifanya gumu. Huyo bibi wa Giningi msimpe mtu. Mchongeeni mti. Mwanasesere mkubwa, kichwa cha mti, mikono ya mti, mmvishe suti na tai. Wabebaji wawe vijana watatu wa kiume, waonekane kabisa, wasijifiche. Sauti itoke kwa mwanaume mwingine aliyesimama pembeni na filimbi. Watu wakimwona watacheka kwanza. Aliyecheka hajaogopa. Wakishacheka, mtieni mdomoni maneno yote ya kitabu, hata yale makali. Bagalu tumewahi kuwasema watemi kwa namna hiyo, nao wamesimama palepale wanatazama.

MCHIMBAJI: Na unga wake msiuite unga. Mpeni kofia ngumu ya mgodini na simu tatu. Awe anagawa leseni hewa. Kwetu watamjua kabla hajafungua mdomo. Na mimi niseme na hili: kwenye duara mtu anakaa miezi, matimba yanaoza, mawe hayatoi kitu, ndipo mganga anapopata mteja. Nimewaona watu wazima wanadanganywa. Mkitaka mchezo wa watu waliolishwa kitu wasione, msiende Giningi, njooni kwenye rashi, watu wanapokimbilia dhahabu mpya. Pori la Jumatatu ni mji Jumapili: turubai, mama lishe, gesti, kanisa, msikiti, baa. Baada ya miezi dhahabu inakata, unarudi unakuta migomba imeota kwenye baa. Riwaya yenye mwanzo, kati na mwisho haiwezi kuusema mji ule. Huo unahitaji mtu wa Nagona.

MKAGUZI: Umeisoma Nagona wewe?

MCHIMBAJI: Nimeisomea Nyarugusu, mzee, zamu ya usiku, kwa tochi ya kichwani. Sikuielewa yote. Lakini mtu anayetembea hajui anakokwenda, anakutana na wazee wanaojua kila kitu na hawasemi, huyo nilimwelewa.

MADAM: Babu, umenipa wazo lingine. Emmanuel Mbogo aliyeandika Morani ndiye aliyeandika Ngoma ya Ng'wanamalundi, mwaka 1988. Ng'wanamalundi, yule manju wa masimulizi, ni wa hapa hapa.

MANJU: Wa hapa hapa. Akiunyooshea mti kidole unakauka. Wajerumani walimchukua, wakashindwa naye. Ndivyo tulivyosimuliwa na baba zetu.

MADAM: Basi mtoto wa Shinyanga amesoma habari za Morani miaka yote, na hajui kwamba mwandishi huyohuyo alimpeleka manju wa kwao kwenye tamthilia.

BINTI: Tuanze na hiyo, madam. Halafu Bi Kirembwe wa mti aje mwaka kesho. Mimi nitakuwa mbebaji.

MANJU: Nimesema vijana wa kiume.

BINTI: Nimesikia, babu. Nitavaa suruali.

MKAGUZI: Kama ni hivyo nitakuja kutazama. Ila wimbo wa kufungulia nitautunga mimi, kwa vina na mizani, beti sita.

MANJU: Tunga, mwalimu. Mguu ukiukubali tutauimba.

Hapo naachana na watu wangu, nibaki na msimamo wangu. Simuungi mkono Mkaguzi anayeona usasa ni mali ya watu wengine. Ukerewe, Kagera na Bukombe zinamkanusha, na uwanja wa Bagika na Bagalu unamkanusha zaidi. Simuungi mkono Madam moja kwa moja pia. Mwalimu mzuri anayeipenda kazi ngumu huweza kudhani kwamba ikishatoka kwenye kijitabu cha uchambuzi ikaingia uwanjani imeshaokoka. Haijaokoka. Inapaswa kupita mikononi mwa watu kama Manju, wanaojua mtazamaji wa pale anacheka wapi na anaogopa wapi, na kupita masikioni mwa wasichana kama Binti, wanaojua nani atalipa usiku ule baada ya mchezo. Mtu anayesomea usasa, awe wa Pessoa au wa Said Ahmed Mohamed, na asiweze kusema tamthilia yake itapokewaje kijijini kwao, amekariri. Hajasoma.

Nina ombi kwa wanaotunga mitihani ya kidato cha sita. Hoja tatu zibaki kama lazima zibaki, lakini ongezeni swali moja kila mwaka: chagua onyesho moja kutoka katika tamthilia uliyosoma, eleza ungeliigizaje mbele ya watu wa kijiji au mtaa wenu, nani angecheza nafasi ipi, na kwa nini. Kijitabu cha uchambuzi hakina jibu la swali hilo. Na kwa walimu wa Shinyanga na Geita: kabla ya kuandika neno fani ubaoni, mwalikeni manju mmoja wa karibu aje asikilize mkimsomea ukurasa mmoja wa kitabu, kisha mwacheni aulize maswali yake.